Bi. Henrietta Leavitt na rula ya kupimia mbingu

Wadau, kila nikisoma habari za anga nakutana na jina la Edwin Hubble. Sawa, jamaa anastahili sifa zake. Ila leo naomba nimzungumzie bibie mmoja ambaye bila yeye Hubble asingefika mbali.

Henrietta Swan Leavitt alizaliwa mwaka 1868 huko Massachusetts, Marekani. Baada ya chuo alijitolea kwenye kituo cha kuchunguza nyota cha Harvard, baadaye akawa analipwa senti 30 kwa saa. Kazi yenyewe? Kukodolea macho picha za anga zilizopigwa kwenye vioo, akilinganisha nyota moja moja. Darubini walishika wanaume. Na masikio yake yalikuwa yanazidi kuziba.

Tatizo la enzi zile lilikuwa hili: ukiona taa usiku, utajuaje kama ni kibatari kilicho jirani au karabai iliyo mbali? Leavitt alizichambua nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan, zile ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa mpangilio. Kwa kuwa zote ziko karibu umbali mmoja kutoka kwetu, aling'amua kwamba inayochukua siku nyingi kupanda na kushuka ndiyo yenye mwanga mkali zaidi. Yaani hesabu siku, utajua ni kibatari au karabai, halafu umbali unautafuta kwa hesabu. Hiyo ni 1912. Ripoti ilitoka na saini ya bosi wake, Edward Pickering, ingawa alieleza kuwa kazi ni ya Leavitt.

Kansa ilimchukua Desemba 1921, akiwa na miaka 53. Mwaka 1923 Hubble akaona nyota ya aina hiyo kwenye Andromeda, akatumia rula ya bibie, akakuta iko nje kabisa ya galaksi yetu. Mwaka 1929 akaonyesha kwamba galaksi kadiri ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi. Kumbe ulimwengu unatanuka!

Mwaka 1925 mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, alimwandikia barua akitaka kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel. Barua inafika, mwenyewe yuko kaburini zaidi ya miaka mitatu. Marehemu hapendekezwi.

Mimi hapo ndipo paliponiuma. Haya wadau, huko makazini kwenu nani anashika rula, na nani anapigiwa makofi?