Gary Kildall: aliyepanga memori, wengine wakavuna

Leo tuweke Simba na Yanga pembeni kidogo. Wengi wetu hapa Mchikichini tumejifunzia kompyuta kwenye mashine za mtumba, zile ambazo ukiwasha zinaanza kuhesabu memori kwa namba nyeupe kwenye skrini nyeusi, halafu ndo Windows inakuja. Bill Gates kila mtu anamjua. Kabla yake kuna jamaa anaitwa Gary Kildall, na mimi naona alipunjwa.

Kazaliwa Seattle, Marekani, tarehe 19 Mei 1942. Kwao walikuwa na shule ya kufundisha mabaharia. Akasoma Chuo Kikuu cha Washington mpaka PhD ya kompyuta mwaka 1972, huku akifundisha kwenye chuo cha jeshi la majini kule Monterey, California. Hapo akaanza kuchezea vichipu vya Intel ambavyo wakubwa wengi waliona ni vya taa za barabarani tu. Yeye akasema humu inaingia kompyuta nzima.

Mwaka 1974 rafiki yake John Torode akamtengenezea saketi ya kuunganisha diski draivu ya inchi 8, na Kildall akaandika mfumo wa kuiendesha, CP/M. Mwaka huohuo, jamani, hapa Tanzania serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya ile ICT 1500 ya Wizara ya Fedha iliyoletwa 1965 kuleta hasara. Mwenzetu anajenga, sisi tunafunga mlango!

Sasa sikilizeni utamu wenyewe. Kompyuta ikiwashwa haijui kitu. Kuna kiprogramu kidogo, mafundi wanaita butiloda, kinasoma sehemu ya mwanzo ya diski na kuingiza mfumo kwenye memori. Swali ni je, uweke wapi? Machinga wa Kariakoo anaelewa hili bila kufundishwa, huwezi kutandika turubai lako juu ya bidhaa za mwenzio. Ukipakia faili juu ya mfumo uliokwisha kukaa, kompyuta inaganda palepale. Na nafasi yenyewe ilikuwa ya kubana, mashine iliyoshiba ilikuwa na kilobaiti 64. MP3 moja ya mega 4 ni mara 64 ya hapo.

Kildall akapanga hivi. Baiti 256 za chini kabisa zikae maelezo muhimu. Mfumo wenyewe ukapande juu, mwisho wa memori. Katikati pote pabaki wazi, na kila programu ianze kupakiwa palepale kwenye baiti ya 256. Programu itajuaje nafasi inaishia wapi, wakati mteja huyu ana kilobaiti 16 na yule ana 48? Kule chini, kwenye anwani ya 5, kulikuwa na amri ya kurukia kwenye mfumo. Programu ikisoma anwani iliyoandikwa ndani ya amri hiyo, inajua mfumo unaanzia wapi, na kabla ya hapo ni uwanja wake. Kisehemu kimoja kinatoa majibu mawili. Ukinunua memori zaidi, unatumia programu ya MOVCPM kuuhamishia mfumo juu zaidi, uwanja unakua.

Kuna kingine nakipenda. Programu ikibanwa sana iliruhusiwa kula hata nafasi ya kile kipande cha mfumo kinachopokea amri zako. Ikimaliza, kipande kinasomwa upya toka kwenye diski. Ubahili wa namna hiyo siku hizi hakuna.

Halafu kampuni ya IMSAI ikataka CP/M kwenye mashine zake, tofauti na zake yeye. Badala ya kuandika upya kila kitu, akatenga mambo yote yanayohusu mashine yakae kipande kimoja, akakiita BIOS. Ndiyo, neno hilohilo ambalo fundi wako anakwambia ngoja niingie BIOS. Ukiandika kipande hicho tu, CP/M inatembea kwenye mashine yoyote. Yeye na mkewe Dorothy wakaanzisha kampuni, Digital Research, wakawa wanauza nakala kwa dola 70 kwa posta. Hela ikaingia kweli.

Mwaka 1980 IBM wakaja. Vijiweni wanasema jamaa alikuwa anajirusha na ndege yake kwa starehe. Ndege kweli alirusha, ila alikwenda kumwona mteja. Dorothy ndiye aliyeshughulika na mikataba, na akagoma kusaini karatasi ya usiri ya IBM. Makubaliano hayakupatikana. Microsoft wakanunua mfumo wa kampuni ya Seattle Computer Products, ulioandikwa na Tim Paterson kwa kufuata mtindo wa CP/M, ukawa DOS. Faili zake za COM zinapakiwa wapi? Baiti ya 256! Na zile 256 za mwanzo zina maelezo, mpaka ile njia ya kuitia mfumo kupitia anwani ya 5 ipo. Kildall alipolalamika, IBM wakakubali kuuza na ya kwake pia. Ila DOS ilikuwa dola 40, ya kwake dola 240. We ungenunua ipi?

Digital Research iliuzwa kwa Novell mwaka 1991. Julai 1994 Kildall aliumia kichwa kwenye baa moja Monterey, na ilivyotokea hasa haikuwahi kuwa wazi. Siku tatu baadaye, tarehe 11, akafariki akiwa na miaka 52. Aprili 2014 ndipo chama cha wahandisi cha IEEE kikaweka kibao cha kumbukumbu ya CP/M kwenye nyumba iliyokuwa ofisi yake, Pacific Grove, mtaa wa Lighthouse Avenue namba 801.