Anselme Payen

Anselme Payen (Paris, 6 Januari 1795 – Paris, Mei 1871) alikuwa mwanakemia na mwenye viwanda wa Ufaransa. Anakumbukwa hasa kwa kutambua selulosi, na kwa kuonyesha kwamba ndani ya mbao selulosi imeshikamana na dutu nyingine, ambayo leo huitwa lignini.

Maisha

Baba yake alimiliki viwanda vya kemikali, naye ndiye aliyemfundisha sayansi tangu utotoni. Baadaye alisoma kemia kwa Louis Nicolas Vauquelin na Michel Eugène Chevreul. Akiwa bado kijana alisimamia kiwanda cha boraksi, akaitengeneza kwa asidi ya boriki na soda na kuiuza kwa bei nafuu kuliko ile iliyoletwa na Waholanzi kutoka Asia. Alishughulika pia na sukari ya viazisukari, akitumia makaa ya mifupa kuondoa rangi yake.

Mwaka 1833, pamoja na Jean-François Persoz, alitenga diastasi kutoka katika shayiri iliyochipuka. Kilikuwa kimeng'enya cha kwanza kutengwa. Tangu 1835 alikuwa profesa katika École Centrale mjini Paris.

Selulosi na lignini

Mwaka 1838 Payen alieleza jinsi alivyotibu mbao kwa asidi ya nitriki, kisha kwa alkali. Zilibaki nyuzi zenye uwiano wa elementi sawa na wa wanga. Ndizo zilizopewa jina la selulosi. Dutu iliyoyeyuka ilikuwa na kaboni nyingi zaidi. Yeye aliihesabu kuwa utando ulioganda juu ya nyuzi. Jina "lignini", kutoka neno la Kilatini "lignum" (mbao), lilikuwa limeshatumiwa na Augustin Pyramus de Candolle mwaka 1813.

Umuhimu wake

Viwanda vya karatasi vilifuata njia hiyohiyo: kutunza selulosi na kuondoa lignini. Leo viwanda vinavyotengeneza ethanoli kwa mabua ya mahindi na makapi ya miwa hubaki na lignini nyingi, ambayo kwa kawaida huchomwa ili kupata joto. Hata hivyo inaweza kutumika katika gundi, vanilini na nyuzi za kaboni. Ugumu ni kwamba asidi na joto vinavyotumika kutoa selulosi huiharibu lignini yenyewe, ikawa vigumu kuivunja tena. Hivyo watafiti hutafuta njia za kuitoa mapema, ikiwa bado nzima.

Tuzo ya Anselme Payen hutolewa na wanakemia wa Marekani kwa utafiti wa selulosi na dutu zinazoambatana nayo.