Sayyid Ahmad bin Sumayt: nahodha aliyekuwa kadhi

Kila mwaka yanapotoka matokeo ya kidato cha sita huzuka mjadala katika nyumba zetu. Iwe Kikwe, huku chini ya Mlima Meru, iwe Arusha mjini, mzazi anataka kijana asome kilimo au uhandisi, na kijana moyo wake uko kwenye sheria ya Kiislamu. Vyuo vyetu humpokea mwanafunzi katika programu moja ya shahada. Waliozoea kubeba masomo mawili ni wanafunzi wa ualimu. Je, fani ya pili iwekwe wapi? Leo tumeona tumtazame mwanazuoni wa mwambao wetu ambaye jambo hili lilimkuta.

Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt alizaliwa mwaka 1861 katika mji wa Itsandra, Ngazija. Baba yake, ambaye asili yake ni Shibam katika Hadhramaut, alikuwa mtu wa elimu na wa biashara ya baharini, na mtoto akarithi yote mawili. Aliisoma fiqhi kwa masheikh. Ubaharia nao aliusoma kama elimu, si kama kibarua, hata akawa nahodha wa jahazi.

Mtu atasema kuna uhusiano gani kati ya tanga na vitabu vya madhehebu ya Imamu Shafii. Upo, nao ni mkubwa. Elimu ya falaki inayomwonyesha nahodha njia usiku ndiyo inayotumika kutafuta kibla na nyakati za Swala. Tena bandarini ndipo penye ushirika wa chombo, madeni ya msimu na mirathi ya aliyefia ugenini. Kadhi aliyekwisha safiri na kusi na kaskazi hayasikii mambo hayo kwa mara ya kwanza barazani.

Mwaka 1883 Sayyid Barghash alimteua kuwa kadhi Unguja, umri wake ukiwa kama miaka 22. Wengi wangetosheka na cheo hicho. Yeye, mwaka 1885, alikiacha akaenda Istanbul kwa Sayyid Fadhl bin Alawi, akazidi kusoma. Husemwa pia kwamba hakuelewana na Sultani. Vyovyote iwavyo, kadhi alirudi kukaa mbele ya mwalimu, na hilo kwetu si jambo dogo. Akapita Misri, Makka, India na Java, na mwaka 1888 akarejea Unguja. Alirudishwa katika ukadhi, akaushika mpaka alipofariki mwaka 1925, na hata mahakimu wa Kiingereza walimtegemea katika hukumu za sheria. Allah amrehemu.

Tunavyomwelewa sisi, hakuzibeba fani mbili kwa uzito ule ule kila siku. Bahari ilitangulia, ikampa riziki na kuwajua watu. Fiqhi ikawa nguzo, na kila moja ikapewa wakati wake. Kijana wa Kikwe anayeingia chuo cha kilimo hana haja ya kuibana fiqhi yote katikati ya vipindi vya maabara. Aanze pale inapokutana na shamba: zaka ya mazao, ambayo ni sehemu moja ya kumi kwa shamba la mvua na nusu yake kwa linalomwagiliwa kwa gharama. Hapo ajuaye kupima mavuno na bei ya mafuta ya pampu ana la kumweleza hata sheikh wake. Miamala na mirathi vingoje likizo ndefu, na darsa kamili lingoje baada ya shahada.

Mwanawe, Sayyid Umar, aliyezaliwa mwaka 1886, naye alifanya biashara Ngazija na Madagaska kwa miaka mingi. Ukadhi aliupata baadaye akiwa mtu mzima, kwanza Pemba, kisha Unguja.