Rowland Hill: Jamaa aliyetufunza kulipa kwanza, kisha akachekwa

Ukinunua kredo ya shilingi 20 pale Ruiru, unalipa kwanza ndipo upige simu. Hakuna anayemfuata mlangoni yule uliyempigia kule Thika kumdai pesa. Unaona ni kitu cha kawaida, sivyo? Kwa barua haikuwa hivyo, hadi alipotokea Mwingereza mmoja mbishi: Rowland Hill.

Hill alizaliwa tarehe 3 Desemba 1795 mjini Kidderminster. Kwao hakukuwa na pesa nyingi. Baba yake alikuwa na shule, na kijana akaanza kufundisha humo akiwa na miaka 12 tu. Chuo kikuu hakukanyaga. Na alipoanza kuikosoa posta, hakuwa amefanya kazi huko hata siku moja.

Lakini posta yenyewe ilikuwa balaa. Mara nyingi aliyelipia barua ni mpokeaji, na bei ilitegemea umbali na idadi ya karatasi. Yaani barua ya Thika kwenda Ruiru ingekuwa nafuu, ya Thika kwenda Kisumu ingekuumiza, na ukiongeza karatasi ya pili bei inaongezeka maradufu. Watu wakawa wajanja. Unaweka alama ndogo nje ya barua, ndugu yako anaitazama, anajua uko salama, kisha anaikataa bila kulipa. Ndiyo, msee, hiyo ni flashi, na simu hazikuwepo! Waheshimiwa wabunge nao walikuwa wakituma barua zao bure.

Mwaka 1837 Hill alitoa kijitabu chenye hesabu kali. Aligundua kwamba kusafirisha barua hakukula pesa nyingi. Pesa zililiwa na makarani waliokuwa wakihesabu karatasi na kupima umbali, na matarishi waliosimama milangoni wakingoja malipo. Dawa yake? Bei moja nchi nzima, peni 1 kwa barua nyepesi, na anayetuma alipe mbele. Wakubwa wa posta walimpinga, wafanyabiashara wakamuunga mkono. Bei hiyo ilianza tarehe 10 Januari 1840, na wabunge wakapoteza barua zao za bure. Barua zikapanda kutoka takriban milioni 76 mwaka 1839 hadi takriban milioni 169 mwaka 1840.

Sasa, ukilipa mbele, posta itajuaje umelipa? Hill alileta vitu viwili, vyote vikaanza kutumika tarehe 6 Mei 1840. Cha kwanza huenda umekisikia: Penny Black, stempu ya kwanza duniani ya kubandika. Cha pili ni karatasi na bahasha zilizolipiwa tayari, malipo yamechapwa humo humo. Unanunua, unaandika, unatuma, basi. Hill aliamini hizi za pili ndizo zitakazopendwa zaidi.

Mchoro wake ulifanywa na msanii William Mulready. Alimchora Britannia ameketi, simba miguuni, akituma wajumbe kila pembe ya dunia, pamoja na ndovu na ngamia. Picha ilijaa makeke hadi watu wakavunjika mbavu. Wauza karatasi, ambao biashara yao ilikuwa hatarini, walichapa vikaragosi vya kuukejeli na kuviuza. TikTok haikuwepo, lakini mtu alichekwa nchi nzima. Siku chache tu, Hill mwenyewe alikubali kwamba mchoro huo lazima utoke. Shehena iliyobaki ilikuwa kubwa mno. Walijaribu kuichoma, ikawasumbua, mwishowe ikatengenezwa mashine ya kutoboa karatasi hizo katikati.

Wazo lenyewe halikufa. Mwaka 1841 zilitoka bahasha nyingine zenye stempu ndogo tu iliyochapwa, zikakubalika. Mwaka 1869 Austria ikaleta postikadi iliyolipiwa, na Uingereza ikafuata mwaka 1870, Hill akiwa bado hai.

Yeye mwenyewe alionja shubiri. Mwaka 1842 serikali mpya ilimtema. Alirudi 1846, akawa Katibu wa Posta 1854, na 1860 akaitwa Sir. Alipostaafu mwaka 1864, Oxford ilimpa shahada ya heshima, yule ambaye hakusoma chuo. Alifariki tarehe 27 Agosti 1879 na akazikwa Westminster Abbey.

Na wewe wa Ruiru au Thika yanakuhusu nini? Fungua sanduku la shosho. Unaweza kupata ile karatasi ya buluu ya barua ya ndege, inayokunjwa yenyewe kuwa bahasha, stempu imechapwa tayari. Au bahasha ya rejista ya enzi za Kenya, Uganda na Tanganyika, yenye kichwa cha mfalme au malkia. Hao ni wajukuu wa karatasi ya Hill.

Tafadhali usichukue makasi kukata ile stempu. Wakusanyaji wa vitu hivi huvitaka vikiwa vizima: karatasi, anwani, muhuri wa posta wenye tarehe na jina la mji. Ukikata, unabaki na kipande tu, na hakuna wa kukuambia tena barua ilitoka wapi, lini, ikienda kwa nani. Karatasi za Mulready zilizonusurika ile mashine zinasakwa leo na wakusanyaji, na hata vile vikaragosi vya kumcheka vinauzwa.