Adolf Fick: Tabibu ambaye kanuni yake inaeleza ukaidi wa mafuta ya Turkana

Na Mwandishi Wetu, Machakos

KATI ya Juni 2018 na mwaka 2019, malori yenye mafuta ghafi kutoka Lokichar, Turkana, yalipita katika barabara kuu ya Mombasa, yakavuka Mlolongo na Athi River katika Kaunti ya Machakos na kuelekea Changamwe. Wengi waliyadhania kuwa malori ya kawaida ya petroli. Hayakuwa hivyo. Matangi yake yalikuwa yamefunikwa ili yahifadhi joto, kwa maana mafuta hayo yamejaa nta, na yakipoa hugandamana kama mafuta ya kupikia yaliyolala mkebeni usiku wa Julai hapa Machakos.

Kanuni ambayo wahandisi huitegemea wanapopambana na nta hiyo iliandikwa na mtu ambaye hakuwa na shughuli yoyote na visima vya mafuta. Alikuwa tabibu.

Adolf Fick alizaliwa Septemba 3, 1829 katika mji wa Kassel, Ujerumani, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto tisa. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Marburg alipenda hisabati, na huenda angebaki huko lau kaka yake hangemshawishi asomee udaktari. Alitii, lakini hesabu hakuziacha. Mwaka 1851 alipata shahada ya udaktari kwa tasnifu kuhusu kasoro za macho, kisha akamfuata mwalimu wake, Carl Ludwig, hadi Zürich, Uswisi.

Huko lilimkera swali moja: vitu vilivyoyeyuka katika maji ya mwili hupitaje kwenye ngozi nyembamba za ndani? Mskoti Thomas Graham alikuwa amekwisha kuchunguza jinsi chumvi inavyosambaa majini, ila hakutoa kanuni. Fick alihisi kwamba mambo haya yanafanana na joto linavyosafiri katika chuma, jambo ambalo Mfaransa Fourier alikuwa amelipigia hesabu. Akachukua mrija, akaweka chumvi chini, juu akaweka maji matamu, akasubiri kwa muda mrefu. Kisha akapima uzito wa maji katika kila kina kwa kitufe cha kioo kilichoning'inizwa kwenye mizani. Aliona chumvi ikipungua hatua kwa hatua, sawia kabisa, kutoka chini hadi juu.

Mwaka 1855, akiwa na umri wa miaka 25, alichapisha matokeo yake: molekuli husafiri kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache, na kadiri tofauti inavyokuwa kubwa katika umbali mfupi, ndivyo zinavyokwenda kwa wingi.

Sasa turudi kwenye mafuta. Yakiwa moto, nta huyeyuka ndani yake isionekane. Yakipita katika bomba ambalo ukuta wake ni baridi, nta iliyo karibu na ukuta huganda kuwa fuwele na kujibandika hapo. Mafuta ya pembeni yakabaki na nta chache iliyoyeyuka kuliko yale ya katikati, na papo hapo kanuni ya Fick ikaanza kazi: molekuli nyingine za nta husogea kuelekea ukutani kuziba pengo, nazo zikaganda. Hata ndani ya utando uliokwisha kushika, nta huendelea kuingia na mafuta kutoka, hadi utando ukawa mgumu. Njia ya mafuta hupungua siku baada ya siku.

Kwa hiyo kinachotia hofu si ubaridi peke yake, bali tofauti ya joto kati ya mafuta na ukuta. Na pampu zikisimama kwa muda mrefu, bomba zima laweza kushika. Ndiyo sababu bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa lipashwe joto, na mipango ya bomba la Lokichar hadi Lamu ikahitaji vivyo hivyo. Joto hilo lina gharama, na gharama hiyo huamua iwapo mafuta yetu yatamfaa mnunuzi. Shehena ya kwanza ya Kenya, mapipa 200,000, iliyoondoka Mombasa Agosti 2019, ilibidi ihifadhiwe katika matangi yenye joto.

Fick mwenyewe aliendelea na mambo ya mwili. Mwaka 1865, pamoja na mwanakemia Johannes Wislicenus, alipanda mlima Faulhorn nchini Uswisi akila wanga, sukari na mafuta pekee, huku wakikusanya mkojo wao. Walithibitisha kwamba nguvu ya misuli haitokani na protini peke yake, kama wakubwa wa sayansi walivyoshikilia. Mwaka 1868 alihamia Würzburg, na mwaka 1870 akaeleza, kwa maelezo mafupi mno, jinsi ya kukadiria damu inayosukumwa na moyo kwa kupima hewa ya oksijeni. Yeye hakuifanyia majaribio. Wengine ndio waliofanya, miaka mingi baadaye.

Alistaafu mwaka 1899, akafariki Agosti 21, 1901 huko Blankenberge, Ubelgiji. Desemba ya mwaka huohuo reli iliyopita Athi River ikafika Ziwa Victoria. Mafuta ya Ngamia, Turkana, yaligunduliwa Machi 2012.