Bessel na Nyota Yenye Mkia

Hayati Friedrich Wilhelm Bessel, aliyezaliwa Minden, Ujerumani, tarehe 22 Julai 1784, hakupata kusoma chuo kikuu. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akawa mwanagenzi katika nyumba ya wafanya biashara huko Bremen. Kwa kuwa alitamani kusafiri na shehena za matajiri wake, alijifunza usiku elimu ya kuongoza merikebu, na elimu hiyo ikamfikisha kwenye nyota. Mwaka 1804 alipiga hesabu ya njia ya nyota yenye mkia iitwayo Halley, akitumia vipimo vya mwaka 1607. Daktari Olbers, bingwa wa nyota za namna hiyo, alistaajabu. Mwaka 1810 Bessel alikabidhiwa kazi ya kuanzisha kituo cha kutazamia nyota mjini Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad, nchini Urusi.

Sisi wanajeshi tunamkumbuka pia kwa sababu ya ramani. Kati ya 1831 na 1836, pamoja na Baeyer, afisa wa jeshi la Prussia, alipima ardhi ya Prussia ya Mashariki. Na umbo la dunia alilolikokotoa mwaka 1841 lilitumiwa na wachora ramani kwa zaidi ya miaka mia moja.

Nyota ya Halley iliporudi mwaka 1835, Bessel alikuwa na umri wa miaka 51. Kiini cha nyota hiyo, chenye urefu wa kilometa 15 hivi, hufichwa na wingu la mvuke na vumbi, wala darubini za wakati ule zisingeweza kukionyesha. Kwa hiyo alielekeza darubini yake kwenye mchirizi wa mwanga uliofoka kutoka kiini kuelekea Jua, akawa anaipima pembe yake. Aliuona ukihama upande mmoja wa Jua, kisha upande wa pili, na akakadiria kuwa mwendo mzima huchukua siku 4.6.

Hapo pana mtego ambao askari wa lindo ataufahamu upesi. Mwenzako akizungusha tochi gizani, nawe ukaiona mara mbili tu ikikuelekea, huwezi kuapa kama amezunguka mara moja au mara tatu. Mchana na mawingu vilimkatiza Bessel vivyo hivyo. Naye alidhani kuwa kiini huyumba kama sindano ya dira, wala hakizunguki. Vipimo vyake, hata hivyo, vilikuwa safi, na wataalamu waliomfuata walivirudia kwa faida.

Aliongeza jambo jingine, ambalo kwa maoni yetu ni kubwa zaidi: mvuke unaofoka hukisukuma kiini nyuma, kama bunduki inavyompiga mpigaji begani, na hivyo huweza kuibadili njia yake. Wazo hilo halikupata nguvu mpaka mwaka 1950, Fred Whipple wa Marekani alipoeleza kuwa kiini ni bonge la barafu na vumbi linalozunguka.

Bessel alifariki tarehe 17 Machi 1846. Mwezi Machi 1986 vyombo vya angani Vega na Giotto vilikipita kiini cha Halley na kukipiga picha, na bado wataalamu walibishana, wengine wakisema siku 2.2, wengine siku 7.4. Picha zilipolinganishwa na vipimo vya darubini, ilionekana kuwa kiini hupepesuka kama pia inayokaribia kuanguka, kikiwa na miendo miwili kwa pamoja: mmoja wa siku 3.7 hivi, na mwingine wa siku 7.1.