Padre Mapera alipita huku kwetu



Likizo iliyopita nilisafiri na mama na wadogo zangu wawili kutoka Shinyanga kwenda Geita kwa shangazi. Kiukweli mimi napenda safari tangu utotoni, na raha yake imeongezeka siku hizi ninapokwenda na watu wa nyumbani. Tulipofika Usagara tukashika barabara ya Kigongo, nikawaambia kabla ya kuvuka daraja tuingie kwanza Bukumbi. Nilitaka wamjue Padre Mapera. Mdogo wangu wa mwisho akacheka sana, akauliza padre gani anaitwa kama matunda.

Jina lake halisi ni Siméon Lourdel. Waganda walisikia wenzake wakimwita padre kwa Kifaransa, mon père, wakaligeuza likawa Mapera, na hadi leo ndilo jina lake. Alizaliwa 1853 huko Dury, kaskazini mwa Ufaransa. Akavuka bahari hadi Algeria, akajiunga na Wamisionari wa Afrika, shirika la Askofu Mkuu Lavigerie, akapewa upadre 1877. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, akapanda meli Marseille na msafara wa kwanza wa kuja huku. Alikuwa na miaka 24. Umri wetu huu huu!

Juni walitoka Bagamoyo kwa miguu. Wapagazi walitoroka, homa ikawapiga, na Padre Pascal akafia njiani kabla hawajafika Tabora. Kutoka Tabora wengine walielekea Tanganyika, na kundi la Lourdel likapanda kaskazini kupitia nchi ya Wasukuma, yaani huku kwetu, wakafika Kageye kwenye ziwa mwishoni mwa Desemba. Januari 1879 yeye na Bruda Amans wakatangulia kwa mtumbwi, karibu mwezi mzima majini, hadi Kigungu karibu na Entebbe. Walitua tarehe 17 Februari.

Sasa hapa ndipo ninapompenda zaidi. Mtu wa safari angetaka kuendelea mbele, aone na nchi nyingine. Lourdel akakaa. Alijifunza Kiganda, akatibu wagonjwa, akafundisha katekisimu, na mwaka 1880 Waganda wa kwanza wakabatizwa. Ile familia aliyoiacha Ufaransa, ni kama aliipata nyingine pale.

Halafu akatakiwa kuiacha hiyo nayo. Mwishoni mwa 1882 hali ilikuwa mbaya kwenye ikulu ya Mutesa, mapadre wakaondoka wakaja kusini mwa ziwa, na ndiyo chanzo cha misheni ya Bukumbi. Hebu fikiria: waamini wachanga wa miaka miwili mitatu wameachwa bila padre, bila Misa. Lakini waliporudi 1885, Mapera aliwakuta wameongezeka! Walikuwa wamefundishana wenyewe, walei, akina Yosefu Mukasa na Matia Mulumba.

Novemba mwaka huohuo Mukasa akauawa. Mei 1886 Mapera alikwenda kwa Kabaka Mwanga kuwaombea vijana wake, akazuiwa, akawaona wakipitishwa mbele yake wamefungwa kamba. Tarehe 3 Juni Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo. Yeye alibaki hai. Sijui kama kuna safari ngumu kuliko hiyo ya kubaki.

Mwaka 1888 wamisionari wakafukuzwa tena. Ziwani kiboko akaitoboa boti yao, na baadhi ya watoto waliokuwa nao wakafa maji. Wakafika Bukumbi mara ya pili, na baadaye Mapera akarudi Buganda. Alifia Rubaga tarehe 12 Mei 1890, akiwa na miaka 36. Tangu ile meli ya Marseille hakuikanyaga tena Ufaransa.

Haya yote niliyasimulia tukiwa tumekaa chini ya mti pale Bukumbi. Wadogo zangu waliuliza habari za kiboko tu. Mama alikuwa kimya. Tulipofika darajani, ziwa likiwa pande zote mbili, ndipo akaniuliza narudi seminari tarehe ngapi, na kama baada ya upadre askofu anaweza kunipeleka mbali.

Nikamwambia anaweza. Akatoa rozari kwenye pochi, tukaanza kusali hadi Busisi.